Kamba Imefungwa Wapi?

Ndugu msomaji, kama ulikulia mjini kama mimi, hapana shaka unakikumbuka kibanda cha gemu cha mtaani kwenu. Cha kwetu kilikuwa cha mabati, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Ndani mlikuwa na televisheni ya chogo, benchi moja la mbao, na ile mashine ya gemu ya kuiga inayoingizwa kaseti ya njano yenye michezo lukuki. Shilingi mia moja, unacheza mpaka ufe. Ukifa mapema shauri yako, wenzako wamejipanga nje.

Mchezo tuliougombania kuliko yote ni Circus Charlie, uliotengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1984. Charlie ni mwanasarakasi. Anampanda simba na kuruka naye pete za moto, anatembea juu ya kamba huku nyani wakimjia, anakimbia juu ya mipira. Hayo tuliyamudu. Kilichotumaliza ni bembea. Kamba zinaning'inia kutoka juu, zinakwenda na kurudi, na Charlie sharti aiachie moja ili aidake nyingine. Ukiwahi umekufa. Ukichelewa umekufa. Kibanda kizima kinapiga kelele, "Achia! Achia sasa, wewe!" Nami siachii. Mara nyingi muda uliniishia nikiwa bado nimeing'ang'ania kamba ileile, nakwenda na kurudi kama mtoto aliyesahauliwa bembeani.

Siku moja mdogo wake rafiki yangu, katoto ka miaka sita hivi, kalisimama nyuma ya benchi kakauliza, "Kaka, hiyo kamba imefungwa wapi?"

Tulicheka mpaka mwenye kibanda akatutishia kutufukuza. Lakini nilipotazama juu ya kioo niliona kweli hakuna kitu. Kamba imeanzia ukingoni tu. Hakuna boriti, hakuna mti, hakuna msumari. Leo nina miaka ishirini na kitu, kidato cha nne nilishamaliza, nahangaika na riwaya isiyokwisha, na swali la yule mtoto halijanitoka. Nimelifuatilia kadiri nilivyoweza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Dakika kumi, saa elfu moja

Tuanzie Marekani, mwaka 1982. Mwaka huo kampuni ya Activision ilitoa mchezo uitwao Pitfall!, kazi ya kijana mmoja aitwaye David Crane. Shujaa wake, Pitfall Harry, anakimbia msituni akitafuta hazina 32, naye amepewa dakika 20 tu na roho tatu. Njiani kuna mashimo, nge, magogo yanayobingirika na madimbwi yenye mamba. Na juu ya baadhi ya madimbwi hayo kuna kamba ya msituni inayobembea. Harry anairukia, anapiga ukelele, anavushwa, anaachia.

Ukiutazama leo utasema ni kitu cha watoto. Lakini ngoja nikueleze ulivyotengenezwa, maana hapa ndipo mimi nilipovua kofia.

Mchezo ule ulichezwa kwenye mashine ya Atari 2600, iliyotoka mwaka 1977. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Kaseti nzima ya Pitfall! ilikuwa na kilobaiti 4, yaani baiti 4,096. Ukihesabu kila herufi kuwa baiti moja, makala hii unayoisoma imeshinda mchezo ule zaidi ya mara tatu. Tena mashine yenyewe haikuwa na mahali pa kuweka picha nzima. Ilichora kioo mstari kwa mstari, papo hapo, wakati televisheni inamulika. Na waliounda mashine hiyo walifikiria michezo ya mpira na ya vifaru, kwa hiyo waliipa vitu vichache tu vya kusogeza: wachezaji wawili, risasi mbili na mpira mmoja. Basi. Mambo ya kamba hayakuwamo.

Crane alifanyaje? Akauchukua ule mpira. Mstari huu akauweka hapa, mistari ya chini yake akausogeza kidogo pembeni, ya chini zaidi akausogeza tena, hivyo hivyo mpaka karibu na dimbwi. Jicho la mchezaji likaona kamba iliyolala upande. Picha inayofuata akaibadilisha kidogo, kamba ikabembea. Kwa hiyo ile kamba iliyowavusha watu mamilioni, maana kaseti zaidi ya milioni 4 ziliuzwa, ilikuwa mpira mmoja tu uliosukumwasukumwa.

Misitu nayo ilikuwa na sehemu 255. Angezihifadhi wapi kwenye baiti elfu nne? Hakuzihifadhi. Alitumia hesabu fupi ambayo namba moja huizaa ya pili, ya pili huizaa ya tatu, na kila namba huamua sehemu ile ina nini: shimo au dimbwi, mamba au kamba. Ukigeuza hesabu ileile unarudi nyuma, na kila kitu unakikuta palepale ulipokiacha.

Crane mwenyewe amesimulia kwamba wazo lilimchukua kama dakika kumi. Alichora mtu wa vijiti, akamwekea njia, njia akaipitisha msituni. Kisha akakaa kwenye kompyuta saa zipatazo elfu moja. Nawaomba wenzangu tunaotaka kuandika riwaya tuisome tena sentensi hiyo. Wengi wetu dakika kumi tunazo. Mimi binafsi ninazo dakika kumi za riwaya saba.

Kuna jambo jingine katika habari hii. Kabla ya hapo Crane na wenzake watatu, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan, walikuwa wafanyakazi wa Atari. Waliandika michezo, michezo ikauzwa, lakini majina yao hayakuandikwa popote. Mfanyakazi mwenzao mmoja, Warren Robinett, alipoona hivyo alitengeneza chumba cha siri ndani ya mchezo wake uitwao Adventure, akalificha humo jina lake, bosi asijue. Crane na wenzake wao waliondoka. Mwaka 1979, pamoja na Jim Levy aliyetoka kwenye biashara ya muziki, walianzisha Activision, wakaamua kwamba kila mchezo utatajwa aliyeutunga, kama kitabu kinavyotajwa mwandishi wake. Ndiyo sababu leo naweza kukuambia kwamba kamba ya Pitfall! ilifungwa na David Crane. Kamba za michezo mingi ya zama zile hazina jina la mfungaji.

Kesi ya nyani mweupe

Mwaka uleule wa 1982 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa kwenye makasha ya kutumbukizia sarafu, ukiitwa Jungle King. Hatua ya kwanza ni kamba tupu. Mtu aliyevaa kipande cha ngozi kiunoni anaruka kutoka kamba moja kwenda nyingine, na kila kamba ina mwendo wake. Mchezaji ana kitufe kimoja cha kuachia. Ugumu wote uko katika kujua lini.

Yule mtu wa ngozi kiunoni alikuwa akipiga ukelele ambao dunia nzima inaujua. Warithi wa Edgar Rice Burroughs, mtunzi wa Tarzan, waliusikia nao. Wakaenda mahakamani. Taito wakaona isiwe tabu. Wakamvua shujaa ile ngozi, wakamvisha suti ya safari na kofia ngumu ya mzungu wa kikoloni, wakauondoa ukelele, na mimea ya msituni wakaigeuza kuwa kamba za kawaida. Jina likawa Jungle Hunt. Wakatengeneza na toleo jingine, Pirate Pete, ambalo msitu uliondoka kabisa wakaja maharamia wa baharini. Bembea ikabaki ileile, zamani mmea, sasa kamba ya jahazi.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani kamba ni kitu kisicho na asili, kila mtu anaifunga anapotaka. Lakini twende mpaka mwisho wa Jungle Hunt. Shujaa amepita kamba, ameogelea mto wa mamba, amekwepa mawe yanayobingirika. Hatua ya mwisho inamkuta mwanamke amening'inizwa juu ya chungu kinachochemka, na mbele yake wanacheza watu wenye mikuki. Wanataka kumla. Hao watu wenye mikuki, ndugu msomaji, walikuwamo kwenye Jungle King, na baada ya kesi walibaki palepale. Mahakamani walikwenda warithi kulinda sura ya Tarzan. Sura ya wale wa chunguni haikuwa na mrithi wa kuidai.

Kwa nani kamba ilikopwa

Sasa huyu Burroughs ni nani? Alizaliwa Chicago mwaka 1875. Alijaribu kazi nyingi zikamshinda, hata biashara ya vichongeo vya penseli aliifanya. Hadithi yake ya Tarzan ilitokea kwenye jarida liitwalo The All-Story, Oktoba 1912, na ikawa kitabu mwaka 1914. Afrika hakuwahi kukanyaga mpaka anakufa mwaka 1950. Kwenye hadithi ile ya jaridani aliweka chui-milia katika msitu wa Afrika, mnyama wa huko Asia. Ilipokuja kuwa kitabu akambadilisha kuwa simba jike. Chui-milia alirekebishwa. Watu hakuwarekebisha.

Na ile bembea? Katika kitabu Tarzan hupita zaidi kwa matawi, na kamba anayo, lakini ameisuka mwenyewe kwa nyasi na anaitumia kama kitanzi cha kunasia. Walioifanya bembea ikawa ndiyo Tarzan mwenyewe ni watu wa sinema. Mwaka 1932 ilitoka filamu ya Tarzan the Ape Man, akicheza Johnny Weissmuller, mwogeleaji aliyejizolea medali tano za dhahabu kwenye Olimpiki za 1924 na 1928. Kuogelea alijua. Kubembea hewani ni fani nyingine, kwa hiyo akatafutwa mtu wa kumbembelea. Mtu huyo ni Alfredo Codona, mwanasarakasi, bingwa wa bembea za hewani.

Hapo nilisimama nikacheka peke yangu. Maana bembea za hewani za sarakasi zinajulikana zilianza wapi. Mwaka 1859, jijini Paris, Mfaransa Jules Léotard aliruka kutoka bembea moja kwenda nyingine mbele ya watazamaji wa sarakasi. Codona ni mrithi wa fani hiyo. Kwa hiyo kamba ya Tarzan haikufungwa kwenye mti wowote wa Afrika. Ilifungwa kwenye dari la sarakasi la Ulaya, ikapelekwa Hollywood ikavishwa majani, kutoka Hollywood ikaingia Jungle King na Pitfall!. Na miaka yote ile pale kibandani, sisi tuliokuwa tukicheza na Charlie na sarakasi yake, ndio tulioishika kamba halisi bila kujua.

Nilivyoaibika mbele ya Bibi

Lakini sitaki uniamini kwa maneno ya vitabu tu. Bibi yangu mzaa mama anaishi milima ya Usambara, upande wa Amani, ambako msitu unaanza baada ya shamba la majirani. Nilipokuwa kidato cha pili nilikwenda kwake likizo ya Desemba nikiwa na daftari la kaunta. Ndani yake mlikuwa na hadithi yangu ya kwanza ndefu. Nilijiona mwandishi kweli.

Jioni moja akaniambia, "Haya mume wangu, nisomee hiyo barua yako ndefu."

Nikamsomea. Shujaa wangu aliitwa Jack. Alikuwa rubani, ndege yake ikaanguka msituni. Akabembea kwa kamba za miti juu ya mto wa mamba, akamkuta binti amefungwa kwenye mti, kando yake chungu kinatokota, na watu wa msituni wanacheza ngoma wakiwa na mikuki. Niliwaita "washenzi." Nilisoma kwa mbwembwe, na sauti nikabadilisha.

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa upole, "Hao watu wa msituni ni akina nani?"

"Ni watu tu, Bibi. Wa msituni."

"Msitu gani?"

"Wa Afrika."

"Afrika hii hii?" Akatazama nje, gizani, kule miti ilikoanzia. "Mimi nimekata kuni humo tangu nikiwa mwali. Babu yako kazikwa hapo pembeni. Watu wa msituni si ndio sisi?"

Sikuwa na jibu. Nakuambia kweli, masikio yalipata moto. Mimi mjukuu wake, ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi na kula ugali wake, nilikuwa nimemvisha manyoya, nimempa mkuki na kumweka kando ya chungu. Tena hakuna aliyenituma. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo. Sinema za video nilizozitazama nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, gemu nilizocheza, vile vitabu vya picha vya kuazimana, vyote vilikuwa na chungu kilekile, nami nilipotaka kuandika kuhusu msitu mkono wangu ukakifuata.

Kesho yake Bibi akanichukua mpaka ukingoni mwa msitu. Akanionyesha mmea mnene wa kutambaa, mkubwa kama mkono wa mwanamume, uliojiviringisha na kupanda mpaka juu kusikoonekana. "Vuta," akasema. Nikavuta. Haukwenda popote. "Umeota hapo chini," akaniambia. "Mizizi yake iko ardhini, unapanda juu kutafuta jua. Ukitaka ubembee sharti kwanza uukate huku chini. Na ukishaukata unakauka, siku moja utakudondosha. Huyo Jack wako alikata saa ngapi?"

Basi hilo ndilo jibu la kwanza la swali la yule mtoto wa kibandani. Kamba ya msituni, ile ya kweli, imefungwa chini. Waliowahi kuiona ya kwenye sinema tu wanaifunga juu.

Waliojifungia wenyewe

Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya, kwa sababu utaona kama nasema bembea zote za kwenye gemu ni za Tarzan. La hasha. Wakati ule ule kulikuwa na watu walioipenda kamba kwa ajili ya kamba, na kazi yao ndiyo iliyonipa moyo.

Uingereza mwaka 1983 ulitoka mchezo wa Hunchback, ambao kibiongo anapita juu ya ukuta wa ngome na kuvuka shimo kwa kubembea kwenye kamba ya kengele. Mwaka uliofuata, kijana aliyezaliwa mwaka 1966, Matthew Smith, alitoa Jet Set Willy kwa kompyuta ndogo ya ZX Spectrum. Willy amefanya sherehe kubwa nyumbani, na mtunza nyumba hamruhusu kulala mpaka asafishe vyumba vyote. Katika baadhi ya sehemu kuna kamba, na kamba ya Smith si fimbo iliyonyooka, inajipinda inavyobembea, na Willy anaweza kuipanda. Hakuna msitu wala chungu, ni nyumba yenye fujo na mtu mwenye usingizi.

Huko Japani, Tokuro Fujiwara alitengeneza Roc'n Rope kwa Konami mwaka 1983. Shujaa anafyatua kamba yenye ndoana, inanasa kwenye mwamba wa juu, naye anapanda. Fujiwara alihamia Capcom, na mwaka 1987 ukatoka Bionic Commando. Huyu askari ana mkono wa waya unaofyatuka, unanasa dari, unamrusha ng'ambo. Na kuruka kwa miguu hawezi. Fikiria, ndugu msomaji, mchezo wa majukwaa ambao shujaa haruki! Vijana waliozoea kuruka walikasirika mwanzoni, wakafa mashimoni kama kuku. Lakini kizuizi kile kiliibadilisha kamba. Kabla yake kamba ilikuwa inakusubiri, inabembea kwa saa yake, uwepo usiwepo. Sasa unaifunga mwenyewe, unapotaka, na ukiifunga pabaya lawama ni yako.

Mwaka 1994, kwenye Super Famicom ya Japani, ukatoka Umihara Kawase. Shujaa ni msichana wa shule mwenye begi mgongoni na fimbo ya kuvulia samaki. Mshipi wake unavutika kama mpira wa manati. Anautupa, ndoana inanasa, anajiachia chini, mshipi unavutika, unamrudisha juu, na katika kurudi huko ndipo anapovuka. Maadui zake ni samaki wenye miguu. Sijui ndoto gani iliyozaa jambo hilo, ila ni ndoto ya mtu fulani, si ya kuazima.

Mwaka huohuo wa 1994 kampuni ya Rare ya Uingereza ilitengeneza Donkey Kong Country kwa ajili ya Nintendo ya Japani. Hapo msitu umerudi, na jina lake limeandikwa Kongo Jungle, kwa K, kama tuandikavyo sisi. Katika hatua ya Ropey Rampage mvua inanyesha usiku na sokwe anabembea kwa kamba kutoka ng'ambo hii kwenda ile. Sokwe ndiye shujaa na walioiba ndizi zake ni mamba. Watu wenye mikuki hawamo. Kweli hakuna mtu hata mmoja, na hilo nalo mtu anaweza kuliuliza, kwamba Kongo yenye mamilioni ya watu imebaki ya nyani. Lakini angalau chungu kiliondolewa jikoni.

Baada ya hapo michezo ikapata kina, na kamba ikaanza kusikiliza mwili. Katika Tomb Raider: The Last Revelation ya 1999, Lara Croft akidandia kamba haitembei peke yake. Lazima aisukume, kama mtoto anavyorusha miguu bembeani. Prince of Persia: The Sands of Time ya 2003 nayo hivyohivyo. Na hapo wachezaji wakajifunza kile ambacho wanasarakasi wanakijua siku zote: kamba inakwenda kasi zaidi ikiwa katikati, chini kabisa, na ikifika mwisho wa juu husimama kitambo kidogo kabla ya kurudi. Ukisubiri mpaka isimame ndipo uachie, huna mwendo tena, utaanguka moja kwa moja chini. Unaachia wakati bado inapanda, wakati moyo unakuambia bado kidogo.

Nilikuwa nasubiri isimame. Ndiyo sababu sikumaliza bembea ya Charlie.

Tunapochukua kalamu

Wenzangu mnaoandika, au mnaotaka kuandika, nimeileta historia hii hapa kwa sababu moja. Kila mmoja wetu anarithi kamba. Hakuna anayeanza na mikono mitupu. Tumesoma hadithi za wengine, tumetazama sinema za wengine, na tukikaa kuandika mkono unadaka kilicho karibu: rubani Jack, msichana wa kuokolewa, mchawi mwenye kibuyu, kijijini gizani na mjini taa. Si kosa kudaka. Crane alidaka ukelele wa Tarzan, akafanya nao kazi ya saa elfu moja ambayo mpaka leo naiheshimu. Lakini kabla hujauweka uzito wako wote hapo, inua macho, uliza kama yule mtoto: imefungwa wapi? Nani aliifunga, na alikuwa anatazama nini? Je, huko mwisho wa bembea umewekwa nani kando ya chungu?

Pengine ukichunguza utakuta ni dari la sarakasi la watu, na utaamua kubembea hivyohivyo, ukijua. Pengine utafanya kama Fujiwara, ubebe ndoana yako. Au utakwenda ukingoni mwa msitu na mtu anayeujua, uvute mmea, uone kwamba haukwendi, na hadithi yako ikaanzia hapo, mtu anavuta kitu kilichoota.

Daftari lile la kaunta bado ninalo. Jack nimemfuta. Nilipomfuta nilidhani sitabakiwa na kitu, maana kila ukurasa alikuwamo yeye. Kumbe alibaki mwanamke mmoja anayekata kuni, ambaye katika nakala ya kwanza nilimpa mkuki na sikumpa jina. Sasa ana jina. Ndege imeanguka karibu na shamba lake, na yeye ndiye wa kwanza kufika. Sura ya tatu imenisumbua miezi minne sasa, nakwenda na kurudi palepale, nikisubiri iwe tayari kabisa ndipo nimpe mtu asome.

Kibanda chetu kilishavunjwa, siku hizi pamewekwa meza ya kusajili laini za simu. Lakini kelele za washikaji bado nazisikia. Wiki hii sura hiyo naituma kwa mhariri, hivyo hivyo ilivyo.